Mstari wa Marehemu Kwenye Daftari

Wiki iliyopita Asnath, mtendaji aliyepokea ofisi yangu, alinipigia simu kuuliza ufunguo wa kabati la chini uko wapi. Nikamwambia kabati lile halijawahi kuwa na ufunguo tangu nilikute. Linafunguka ukilipiga teke upande wa kulia. Alicheka, halafu akasema, "Mama, mambo kama haya ungeyaandika, maana sie tuliobaki tunabahatisha tu." Nimekubali kuandika, ingawa ya kabati yameishia hapo. Nitakayoandika ni ya watu, kwa sababu kabati ukilikosea teke la kwanza unalipiga la pili.

Nilianza kazi Manzese, mtendaji wa mtaa, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Msumeno ulipowaka tulinyamaza wote, mlalamikaji na mlalamikiwa, na mara nyingi ulipozimwa hasira zao zilikuwa zimepungua. Mpaka leo naamini seremala yule alisuluhisha ndoa nyingi kuliko mimi.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Hiza, mtendaji wa kata, mtu mfupi wa Muheza aliyevaa kofia ya sufu hata mwezi wa kwanza. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, kisha akanipa daftari la wakazi na kuniambia nizunguke na mjumbe nyumba kwa nyumba mpaka nimalize mtaa. Nilimuuliza nimalize lini. Akaniangalia viatu, akasema, "Inategemea hivyo vitakaa muda gani." Vilikaa siku mbili.

Mtaani walinicheka usemi. Mimi ni wa Makete, na Kiswahili changu cha wakati ule kilikuwa cha shule na cha kanisani. Nilisema "naomba kufahamu idadi ya wanakaya," wakaniuliza, "Unataka kujua tuko wangapi humu ndani?" Nikasema ndiyo. "Basi sema hivyo, dada." Nilijifunza kusema hivyo.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya msiba. Fundi magari mmoja alifariki, wakaja wanawake wawili ofisini asubuhi moja, kila mmoja akitaka barua ya kwenda kuchukua mwili. Wa kwanza nilimwandikia upesi kwa sababu alikuwa analia. Wa pili alipoingia na cheti cha ndoa mkononi, nikaona nilichofanya. Mzee Hiza hakunigombeza mbele yao. Aliwaketisha wote wawili kwenye benchi moja, akakaa chini ya usawa wao kwenye kigoda, akawauliza habari za marehemu: alikuwa anapenda kula nini, alikuwa anaogopa nini. Ilichukua saa nzima. Mwisho wanawake wale walikwenda hospitali pamoja, kwa gari moja. Baadaye aliniambia, "Wewe uliandika barua. Barua ni kitu cha mwisho." Mimi sikuelewa vizuri kwa miaka mingi.

Nilihamishwa mara tatu, nikapanda hapa, nikakaa pale, mpaka nikawa mtendaji wa kata. Hayo yako kwenye faili na hayana utamu. Nimesimamia kampeni za chanjo, mafuriko, sensa, na chaguzi zaidi ya vidole vya mkono mmoja. Uchaguzi una vifaa vyake, na mtendaji lazima avijue kama mpishi anavyojua sufuria zake. Kituturi cha maboksi, kile anachojificha mpiga kura akiweka alama, husimama vizuri ukikiegemeza ukutani, kamwe si katikati ya chumba. Lakiri ya sanduku ukishaibana haina majuto. Wino wa kidole ukiuacha wazi juani unakauka, na usipotikisa chupa unatoka maji matupu. Na taa ya chemli iwepo hata kama shule ina umeme. Mambo haya yako kwenye mafunzo. Yale ya nyumba ya Mheshimiwa Nasoro Abeidi hayakuwemo.

Kata yenyewe sitaitaja jina; waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo haitawasaidia. Iko pembeni ya jiji, nyumba zimebanana, na barabara ya lami ilifika huko baada ya ahadi tano. Mheshimiwa Nasoro alikuwa mbunge wetu. Duka la baba yake la vitambaa lilikuwa pale kabla mtaa haujapewa jina, na yeye mwenyewe alikulia nyuma ya kaunta. Hakuwa msemaji mzuri. Bungeni sijui kama walimsikia, ila mvua ikinyesha alikuwa anakuja na suruali imekunjwa, anasimama kwenye maji na watu, anauliza mfereji umezibwa wapi. Kwa hilo walimpenda, hata waliokuwa hawampi kura.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, hospitalini, baada ya kuugua ini muda mfupi. Nilikuwa kwenye kikao cha usafi. Mwenyekiti wa mtaa aliingia na simu mkononi, akavua kofia. Tukajua. Akazikwa siku ileile baada ya swala ya alasiri, na wanaume walijaa barabara nzima mpaka bajaji zikazimwa injini na madereva wakashuka. Sisi wanawake tulikaa nyumbani kwake na mjane.

Mjane aliitwa Nuru. Yeye na marehemu walikuwa watoto wa ndugu wawili, wajukuu wa mzee Abeidi mmoja, kwa hiyo hata kabla ya ndoa jina lao la ukoo lilikuwa moja. Mtulivu, mrefu, umri wa miaka arobaini hivi, watoto hawakujaaliwa. Siku ile alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, na kila aliyeinama kumpa pole alimjibu kwa jina. Mimi aliniambia, "Asante, mama Sanga." Sikujua kama analijua jina langu, watu wote waliniita mtendaji.

Aliyeongoza nyumba alikuwa Bi Zuhura, dada mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye aliyepanga nani akae wapi, nani apike, na lini tuondoke. Ndiye pia aliyetangaza kwamba wifi yake amekaa eda na hatatoka mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Hakuna aliyeshangaa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda, na ile ilikuwa nyumba ya kushika dini.

Kiti kikatangazwa kuwa wazi, na ikapangwa siku ya uchaguzi mdogo. Ilipofika, Nuru alikuwa bado kwenye eda, mwezi wa tatu ukiishia. Mimi niliteuliwa kusimamia vituo vya kata yangu. Nimesimamia chaguzi zenye fujo zaidi, lakini sijawahi kuona wenye uzito ule. Magari ya matangazo yalikuwa yanapita na muziki, yakikaribia nyumba ile yanapunguza sauti yenyewe, bila kuambiwa, halafu yanaongeza tena mbele.

Tatizo la kwanza lilikuja siku tulipobandika daftari la wapiga kura kwenye ukuta wa shule ya msingi. Daftari lina majina na picha, limepangwa kwa jina la ukoo. Na kwa kuwa halikuwa limeboreshwa tangu msiba, Nasoro Abeidi alikuwemo, na picha yake, akitabasamu kidogo. Mstari uliofuata chini yake ulikuwa wa Nuru Abeidi. Watu walisimama pale. Bibi mmoja muuza vitumbua aliigusa ile picha kwa vidole viwili, akaondoka akijifuta macho kwa kanga.

Bi Zuhura alikuja ofisini mchana uleule.

"Mtendaji, umemtundika ndugu yangu ukutani."

Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Mtoe. Mkwangue, mpige wino, sijui mnafanyaje. Mtu ameshazikwa."

"Bi Zuhura, jina halifutwi kwa kalamu yangu. Kuna fomu yake na wakati wake, na wakati umepita. Nikigusa mstari mmoja, kesho nitaambiwa nimegusa mia."

"Kwa hiyo kwenu nyinyi yuko hai."

Nilichofanya ni kumwomba msimamizi wa kituo kile, Mwalimu Gaudensi, awakumbushe makarani na mawakala wote kwamba mstari ule uwe mtupu mpaka jioni. Akawakumbusha. Kila wakala akauwekea alama kwenye nakala yake. Kwa hiyo ule mstari ndio uliokuwa unalindwa kuliko yote katika jimbo zima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi, foleni zikiwa fupi. Uchaguzi mdogo huleta wanaopenda sana na wanaochukia sana. Wengine wote wanafua. Nilizunguka na bajaji kituo kwa kituo: wino upo, kalamu zipo, chai ya makarani haipo. Mpaka saa tisa sikuwa na cha kuandika zaidi ya mzee mmoja aliyegoma kuchovya kidole kwa sababu alikuwa anakwenda harusini.

Saa kumi na robo, vituo vikiwa vimeshafungwa, Mwalimu Gaudensi akanipigia. Ni mtu wa Kagera, hapandishi sauti hata akiungua. Alisema polepole, "Mama, njoo shuleni sasa hivi. Marehemu amepiga kura."

Niliingia chumba cha darasa la nne. Sanduku lilikuwa mezani, lakiri haijaguswa. Daftari lilikuwa wazi, na mbele ya jina la Nasoro Abeidi kulikuwa na alama ya vema, imechorwa kwa kalamu ya bluu, nzuri kabisa. Mawakala walikuwa wamesimama kulizunguka. Aliyeiona alikuwa Bwana Lyimo, wakala wa chama pinzani, fundi redio wa pale sokoni, mtu ninayemheshimu.

"Mama mtendaji, shikamoo," alisema. Hata katika hali ile hakusahau.

"Marahaba, mwanangu."

"Mie sina ugomvi na marehemu. Kanitengenezea mtaro mlangoni kwangu. Lakini hii kadi yake nani kaja nayo? Na kama kaja nayo mtu hapa, huko vituo vingine wamekuja nazo ngapi?"

Swali lilikuwa la haki, na wengine walishalisikia. Wakala mmoja alikuwa ametoka nje kupiga simu, na nje ya uzio watu walikuwa wanaongezeka. Nilisikia mtu akipaza sauti, "Maiti inapiga kura!" na wengine wakacheka, kicheko kibaya. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa karibu na geti. Afande mkuu wa zamu akaniambia dirishani, kwa adabu, "Mama, nakupa nusu saa. Baada ya hapo nitawatawanya kwa njia zangu." Njia zake tulizijua. Moshi wa mabomu yake ya machozi ungeingia kwanza kwenye nyumba zile za jirani zenye watoto.

Nikawaangalia makarani. Aliyekuwa anaweka alama ni Mwalimu Stella, mwanamke wa makamo, ameshafanya kazi hii mara nyingi kuliko wengine wote mle ndani. Alikuwa anakodolea ubao macho. Nikamwita barazani.

"Stella, umeona kadi ya nani?"

Akaanza kulia kabla hajajibu. "Alikuja mapema, mama, tulipofungua tu. Amejifunika uso. Nikampeleka pembeni anioneshe uso kama utaratibu unavyosema, kumbe ni Nuru. Mjane. Akaniambia, 'Dada Stella, nimetoka kwa mlango wa nyuma, nirudi kabla hawajaamka wote.' Mie nilimlilia mume wake kwenye mkeka uleule. Nikarudi mezani machozi yamejaa, nikaweka alama. Nimeweka mstari wa juu, mama. Nimeweka kwa mume."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimejua sasa hivi tu, Bwana Lyimo alivyonyoosha kidole. Na aliniomba nisimtaje kwa mtu, kwa hiyo hata jina sikulisoma kwa sauti mawakala walisikie."

Nilirudi ndani, nikafungua daftari mwenyewe. Mstari wa Nuru ulikuwa mtupu. Hesabu ya alama na hesabu ya karatasi zilizotolewa zilikuwa sawa. Hakuna kura iliyozidi. Niliwaeleza mawakala kwamba karani amekosea mstari, na kwamba mwenye mstari wa pili ndiye aliyekuja. Sikuwa nimemtaja kwa jina, lakini jina lilikuwa pale chini ya kidole changu, na wote walilisoma.

"Mjane yuko eda," alisema Bi Hadija, wakala wa chama cha marehemu. "Hajatoka. Bi Zuhura mwenyewe katuambia."

Bwana Lyimo akatikisa kichwa. "Si unaona, mama? Mie nikienda pale nje niwaambie karani kakosea mstari, halafu wenyewe nyumbani wanasema mama wa watu hajatoka, nani atanielewa? Wataniambia nimenunuliwa. Sitii saini."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, ninyi mnaoshika ofisi sasa. Kanuni ilikuwa wazi. Wakala asiporidhika anaandika malalamiko yake kwenye fomu, kituo kinaendelea kuhesabu, na malalamiko yanakwenda ngazi ya juu. Ningeweza kumpa Lyimo fomu na kalamu. Lakini nilikuwa nasikia kelele za nje, na nusu saa ya afande ilikuwa inakwenda, na nyumba ya marehemu ilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Nikasema, "Twendeni." Kanuni haikunituma. Nilijituma.

Tulikwenda mimi, Bwana Lyimo, Bi Hadija, na askari mmoja ambaye afande alisisitiza tuwe naye. Sanduku tuliliacha na Mwalimu Gaudensi na mawakala wengine. Njiani watu walitupisha, wengine wakatufuata, nikawaomba wabaki kwenye kona. Wakabaki, lakini kutoka kwenye kona mlango unaonekana.

Bi Zuhura alifungua. Sebuleni kulikuwa na wanawake watano sita, wamekaa chini wakichambua mchele.

"Hodi, Bi Zuhura. Samahani sana. Nina neno na Nuru."

Akamwangalia askari, akamwangalia Lyimo. "Na wanaume? Mke wa ndugu yangu yumo eda, mtendaji. Hajavuka kizingiti hiki tangu tumzike Nasoro. Mnamtaka nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema "samahani, nimekosea nyumba" na kurudi. Niliiona kabisa. Badala yake nikasema, "Kuna jambo la kituo cha kura. Yeye mwenyewe atalijua."

Wanawake wakaacha kuchambua mchele. Bi Zuhura alinitazama muda mrefu, na nikaona anavyoanza kuelewa, polepole. "Hajatoka," akarudia, ila safari hii hakuwa ananiambia mimi.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia la kijani. Sauti ikatoka nyuma yake, haikutetemeka.

"Wifi, nilitoka."

Bi Zuhura akageukia pazia.

"Nilimpigia shehe, nikamuuliza. Akasema kwa haja inayoeleweka, mchana, na nirudi mara moja. Nikaenda, nikarudi. Chai uliyokunywa asubuhi niliipika mimi nikiwa nimesharudi." Kisha akasema, "Mama Sanga, wanataka kuona nini?"

"Kidole tu, mwanangu."

Mkono wa kushoto ukatoka pembeni ya pazia, mpaka kwenye kifundo, mkono wa baibui umevutwa kukifunika. Kidole kidogo kilikuwa na wino kuanzia kwenye ukucha. Alijaribu kuusugua, nadhani, maana ngozi ilikuwa nyekundu pembeni. Bwana Lyimo alisogea hatua moja, akaona, akainamisha kichwa.

"Samahani sana, mama. Poleni na msiba. Nimeridhika."

Bi Hadija hakutazama. Mkono ukarudi ndani. Bi Zuhura alikuwa ameshika fremu ya mlango, na alipotufungulia tutoke aliniambia neno moja tu, "Ahsante," kwa namna iliyonifanya nitamani angenitukana.

Shuleni tuliandika kilichotokea kwenye fomu: karani ameweka alama mstari usio wake, imethibitishwa, mawakala wameridhika. Wote walitia saini. Bwana Lyimo akatoka hadi kwenye uzio, akapanda juu ya tofali, akawaambia watu, "Hakuna kitu. Karani kakosea mstari. Nimehakikisha mie mwenyewe, na mnanijua sinaga huruma." Wakacheka, sasa kicheko cha kawaida, wakaanza kutawanyika. Hakumtaja mjane. Namshukuru mpaka leo. Kura zilihesabiwa kabla jua halijazama, mbunge mpya akapatikana, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba kituo kile kizima kingefutwa matokeo yasingebadilika. Niliposikia hivyo nilikwenda kukaa nyuma ya choo cha shule, peke yangu, kwa muda.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya pongezi kwa kuepusha vurugu. Iko kwenye faili pamoja na zile za kupanda na kukaa.

Habari ya mjane ikasambaa hata hivyo. Sijui kwa askari, sijui kwa wale wanawake wa mchele. Sokoni wakasema hakuvumilia hata miezi minne. Wengine wakasema alitumwa na chama, wengine wakasema aliuza kura ya mumewe. Mwalimu Stella aliomba uhamisho. Bi Zuhura, tukikutana njiani, alikuwa anavuka upande wa pili. Nilituma salamu kwa Nuru mara mbili kupitia jirani, hazikujibiwa. Kwenda mwenyewe nilishindwa. Nilijiambia nasubiri eda iishe, niende kwa heshima, na kuna siku nilikaribia kuiamini sababu hiyo.

Eda iliisha. Siku ya nne alikuja ofisini yeye.

Alikaa kwenye benchi na watu wengine akasubiri zamu yake. Nilipomwona nikataka kumtanguliza, akakataa kwa mkono. Zamu yake ilipofika aliingia, akaniamkia, akasema anahitaji barua ya utambulisho. Alikuwa anahamia Kipawa, kwa kaka yake, na mwenyekiti wa mtaa wa huko anataka barua ya alikotoka.

"Wamekufukuza?" nikauliza.

"Hapana. Wifi hajanifukuza. Ila tukikaa mezani ananipa sahani bila kuniangalia, na nyumba ni ya kwao."

Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwa wiki nyingi, yote yakanipotea. Nikasema, "Nuru, nakuomba radhi. Kwa ule mkono. Kwa kukutolesha mkono mbele ya watu."

Alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kukubali kitu kwa haraka ili yaishe.

"Mkono niliutoa mwenyewe," alisema. "Ungekuja peke yako, ukakaa na mimi ndani, ukaniambia kuna watu wataumia, ningeutoa vilevile. Ningemwambia wifi kwanza, kwa mdomo wangu, halafu ningewaita wenyewe waje. Ingechukua dakika kumi. Ulikuja na askari na mawakala, ukanikuta sina la kuchagua. Hilo ndilo uniombee radhi."

Nikamwomba radhi kwa hilo. Akasema, "Nimekusamehe," na niliona kwamba kusamehe kwenyewe kumemchosha.

Nilipoanza kuandika barua, mkono wangu uliandika kwa mazoea: *Mjane wa marehemu Mheshimiwa.* Akainama, akaisoma juu chini, akasema, "Andika Nuru Abeidi tu. Kule hawanijui, wacha wanijue hivyo." Nikaichana ile, nikaanza nyingine.

Akiwa anasubiri mhuri ukauke, nilimuuliza kitu ambacho hakikuwa kazi yangu kuuliza. Nilitaka kujua kwa nini alitoka siku ile, akiwa anajua Bi Zuhura atasema nini na mtaa utasema nini.

"Tangu nipate kadi nimepiga kura mara tatu," alisema, "na mara zote tatu alikuwemo Nasoro. Mke hampigii mtu mwingine akiwepo mumewe, hata ungekuwa na mawazo yako. Nilikuwa naingia pale nyuma ya maboksi nikiwa nimeshamaliza. Safari hii niliingia nikasimama. Karatasi ina majina, nikayasoma yote, moja moja. Dada Stella alidhani naumwa, akaniuliza kama niko sawa." Akakunja barua mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchagua mbunge, mama Sanga. Nisingekaa ndani."

Kisha akaniuliza, kwa kuwa sasa anahamia jimbo lingine, kadi yake ya kupigia kura anaihamishaje. Nikamweleza: asubiri uboreshaji wa daftari, aende na kadi ya zamani na barua hii, ajiandikishe kwenye kituo cha karibu na kwa kaka yake. Akanirudisha nyuma nimweleze tena, polepole, na safari ya pili aliandika.